Mashuka nayo yaandikwe namba ya tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wauza mashuka na mafundi cherehani wa Dar es Salaam kuhusu mashuka yasiyofika chini ya godoro, jambo ambalo wengi hatulifikirii mpaka litukute nyumbani.

Mwaka jana tulimbadilishia mama godoro. La zamani lilikuwa futi 5 kwa 6, unene wa inchi 6, nalo lilikuwa limebonyea katikati; jipya lina upana na urefu uleule, ila unene wake ni inchi 10. Nilikwenda Kariakoo nikanunua mashuka mawili yenye lastiki, pakiti zimeandikwa 5 kwa 6, na muuzaji hakuniuliza chochote zaidi ya rangi. Jioni tulizivuta kona zikaingia kwa shida. Alfajiri, nilipokwenda kumwamsha mama kwa ajili ya sala, nilimkuta amelala juu ya godoro tupu lililolowa jasho, na shuka limejisokota chini ya kiuno chake kama kamba. Kwa kijana hilo ni usumbufu tu. Kwa mzee ambaye miguu haimpi nguvu na ambaye hushinda kitandani sehemu kubwa ya siku, mkunjo wa shuka unaomsugua mahali pamoja husaidia kuleta vidonda, na anayeuguza anajua jinsi vidonda hivyo vinavyochelewa kupona.

Hesabu yake si ngumu, na ninasikitika kwamba sikuifanya kabla ya kutoa fedha. Chukua shuka la kawaida lisilo na lastiki, la futi 7 kwa 8, yaani inchi 84 kwa 96. Ukilitandika kwenye godoro la 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 6, linashuka pande zote na bado unabaki na inchi 6 kila upande za kuchomekea chini. Shuka hilohilo kwenye godoro la inchi 10 linakubakizia inchi 2 tu, kwa sababu kila inchi inayoongezeka kwenye unene hula kitambaa pande zote mbili. Inchi 2 haziwezi kuhimili mtu anayejigeuza usiku kucha.

Wapo wanaokimbilia mitumba wakiamini kuwa mashuka ya nje ni makubwa. Ni kweli kwamba shuka la kitanda kinachoitwa queen huko Marekani hushonewa godoro la inchi 60 kwa 80, wakati letu ni 60 kwa 72, kwa hiyo urefu unazidi inchi 8. Lakini ziada hiyo yote iko miguuni, na ubavuni, ambako shuka huchomoka kwanza, hakuna kilichoongezeka. Huko pia yapo mashuka yenye kina kikubwa, ila huwezi kuyatambua kwa kutazama rundo; ni lazima ulifungue shuka, ushike kona, na upime kutoka mshono wa juu hadi kwenye lastiki.

Aliyetusaidia ni fundi wa mtaani kwetu, naye hakutaka tununue kingine. Kwanza aliagiza mashuka mapya yalowekwe na kufuliwa, kwa kuwa kitambaa cha pamba hurudi kikipata maji, na ukikipima kabla hakijarudi unajidanganya. Kisha alifumua lastiki yote, akachukua shuka letu kuukuu la inchi 84 kwa 96 na kulikata mikanda mitatu yenye upana wa inchi 6 kwa urefu wake wote. Mzunguko wa godoro la 5 kwa 6 ni inchi 264, na mikanda hiyo ikiungana inakaribia 288, kwa hiyo ilitosha hata baada ya mishono kula sehemu yake. Akaizungushia ukingoni mwa shuka, akashona mara mbili kwa sababu hapo ndipo panapovutwa, akakunja upindo wa kupitisha lastiki, na kuirudisha. Niliogopa kwamba kiungo kingemuumiza mama, lakini kilikaa ubavuni mwa godoro, chini kabisa, mahali ambapo mwili haufiki. Shuka la pili alilimaliza kesho yake, kwa mikanda mingine ya shuka lilelile kuukuu.

Nimeona watu wakibana kona kwa pini. Nawasihi waache, hasa panapolala mtoto au mgonjwa. Kipande cha lastiki kilichoshonwa kukatiza kila kona, kikapita chini ya godoro, hushika vizuri zaidi na hakimchomi mtu, ingawa nacho hakiongezi kitambaa pale kilipopungua.

Kwa hiyo ombi langu kwa wauzaji ni kwamba, mteja akitaja 5 kwa 6, wamuulize na unene wa godoro lake kabla ya kumfungia mzigo, na asiyeujua arudi nyumbani akapime. Kwa mafundi, naomba wasikubali kushona shuka la kona kwa vipimo viwili tu. Na kwa wanaotengeneza na wanaoagiza mashuka, naomba watazame wenzao wa magodoro, ambao siku zote huuza kwa namba tatu: 5 kwa 6 kwa 8, au 5 kwa 6 kwa 10. Namba hiyo ya tatu ichapwe na kwenye pakiti ya mashuka, ikionyesha unene wa godoro ambalo shuka litalifunika na bado likabaki na cha kuchomekea.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam