Kesi Mbili za Jim Reeves

Dallas, Texas
Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila baridi ndiyo imeanza kubisha. Mwambie Mama pesa za dawa nimezituma jana, na Shangazi mpe pole ya goti. Salamu zinaishia hapo, maana najua hupendi barua inayopiga hodi ukurasa mzima.

Kilichonikalisha chini na kalamu kimo ndani ya kifurushi. Kifungue pembeni, kisu kisipite katikati. Ni santuri ya Jim Reeves, mwimbaji wako, ile ile ya Krismasi, nyimbo 12, sita kila upande. Si ile ya kwetu yenye mkwaruzo, ikarekebishwa, ni nyingine.

Nimeipata duka la mitumba. Usicheke. Huku ndiko mitumba inakoanzia safari kabla haijafungwa marobota na kufika soko la Kongowea, Mombasa. Nilikwenda kutafuta koti, nikakuta kasha la santuri limesukumwa chini ya meza ya masufuria, dola 1 kila moja. Humo mna kwaya za makanisa, mna Perry Como wengi, mna Andy Williams. Waimbaji wa sauti laini hawana mnunuzi siku hizi. Vijana wa hapa wakiinama kwenye kasha wanatafuta jazz na rock, hawa wengine wanawaruka kama magazeti ya juzi. Ndipo nikaliona jina la mtu wako.

Nikaikagua ulivyokuwa ukifanya wewe. Nikaitoa kwenye mfuko kwa viganja, vidole visiguse mifereji, nikaiinamisha kwenye taa. Vumbi, na mikwaruzo ya juu juu ambayo ukucha hauisikii. Katikati ile lebo nyeusi yenye mbwa anayesikiliza gramafoni. Nyuma ya jalada mwanamke fulani aliandika jina lake kwa wino, na mwaka 1966. Nililipa haraka, koti nikalisahau.

Jumapili nikaipeleka kwa mwenzangu wa kazini mwenye mashine. Upande wa pili, kwenye wimbo wa mtoto wa Mariamu, nikajikuta nimeshika pumzi nikisubiri sindano iruke. Haikuruka. Jim akaimba maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyaimba maisha yangu yote! Santuri ya namna hii huzunguka mara 33 na kitu kwa dakika, kwa hiyo sindano ikiruka mfereji mmoja unapoteza sekunde mbili kasoro kidogo. Ni hizo tu tulizokuwa tumenyimwa. Lakini sisi watoto tulijifunza wimbo pamoja na pengo lake. Unakumbuka mwaka ule kwaya ya Sunday school ilipouimba? Watoto wa nyumba yako wote wanne walitangulia wenzao maneno matatu, mwalimu akadhani tunafanya makusudi.

Hiyo ndiyo kesi ya kwanza, Baba. Mkwaruzo ule uliufungulia mashtaka jioni ile ile, shahidi hakuna, ukamhukumu Kaka kwa sababu ndiye aliyekutwa sebuleni. Viboko vinne. Kaka hakuiharibu. Ni mimi niliyeiweka kwenye mashine mkiwa shambani, niliposikia lango nikaunyakua mkono wa sindano badala ya kuuinua, nikakimbilia jikoni. Kaka aliingia baadaye kutafuta kiatu. Alijua ni mimi, na hajawahi kusema. Nimeshampigia simu juzi, akacheka sana, akasema nikuandikie wewe, yeye fidia yake anataka mbuzi. Nimetuma pesa za mbuzi. Tafadhali msimamie asinunue pikipiki.

Kesi ya pili ilikuwa yako mwenyewe, nayo ulishindwa bila haki.

Unajua naizungumzia ipi. Wewe na mzee wa duka la mkabala mliwekeana dau, kreti ya soda. Wewe ulisema Jim Reeves alikufa zamani. Yeye akauliza, maiti hutoaje nyimbo mpya? Akaleta ushahidi kwamba redioni kuna wimbo ambao Jim anaimba na mwanamke, na mtangazaji kasema umetoka juzi. Barazani wote wakamkubali, ukalipa kreti. Nakumbuka Mama hakukuongelesha siku mbili kwa ajili ya soda zile.

Basi sikiliza. Alikufa tarehe 31 Julai 1964, akiwa na miaka 40. Alikuwa akiiendesha mwenyewe ndege ndogo ya injini moja, akirudi Nashville na mpiga kinanda wake, wakaingia kwenye mvua ya radi. Walitafutwa siku mbili porini kabla ya kupatikana. Lakini aliacha kanda nyingi za sauti. Mjane wake, Mary, aliendelea kuzitoa moja moja, na mafundi wakawa wanaichukua sauti na kuipigia vyombo vipya chini yake. Mwaka 1966, kaburi lina miaka miwili, wimbo wake ulikaa namba moja Uingereza wiki tano. Na yule mwanamke wa redioni ni Patsy Cline. Yeye alikufa kwa ndege pia, Machi 1963, mwaka mmoja na miezi kabla ya Jim! Sauti zao ziliunganishwa kwa mitambo, wimbo ukatoka 1981. Yaani marehemu wawili waliimba pamoja, na wewe ukatozwa kreti. Msomee mzee aya hii mbele ya watu. Soda za siku hizi ni za plastiki, lakini deni ni deni.

Na sikuyaokota haya njiani. Mwezi uliopita tuliendesha kama saa tatu kwenda mashariki, Carthage, mji wa wilaya aliyozaliwa Jim. Kaburi liko kando ya barabara kuu, na sanamu yake juu yake, gitaa mkononi. Hapo karibu amezikwa mbwa wake, Cheyenne, aliyemfuata miaka mitatu baadaye. Nikawaza ungesema nini: watu wa Taita wazike mbwa kando ya mwenye nyumba! Mambo mengine niliyajua hapo, kama kwamba alikuwa mchezaji wa besiboli akaumia, akawa mtangazaji wa redio huko Louisiana. Utangazaji ndio uliomfaa. Mwanzoni alikuwa akiimba kwa kupaza, kisha akagundua kusogea hadi midomo karibu iguse maikrofoni, akapunguza sauti. Mama alikuwa akisema anaimba kama anayechelea kumwamsha mtoto. Hakukosea.

Sasa matunzo. Isimamishe kama kitabu, usiilaze chini ya vitu, na isikae karibu na dirisha la magharibi. Jua la Voi la saa tisa litaipinda kama chapati. Ukiifuta, fuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Na usiipige bado. Sindano yenu ina umri wangu, itaichimba hii nayo. Mwambie Kaka aing'oe taratibu, apige picha herufi na namba zilizoandikwa kwenye kichwa chake, anitumie kwa simu. Nikipata inayolingana nitampa mwenzetu anayesafiri tarehe 12 Desemba, itafika kabla ya sikukuu.

Ile ya zamani usiitupe. Dada anasema hii mpya ina makosa, nami nakubaliana naye.

Wako,
mtoto wako wa tatu