Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kimeng'enya Kuwepo Si Kimeng'enya Kufanya Kazi

Ndugu wanachama,

Suala lililotawala vikao vyetu mwaka huu ni hili: ukanda mweupe kwenye jeli ya zaimografia (kipimo kinachoonyesha kimeng'enya kwa alama ya mahali kilipokula jelatini iliyo ndani ya jeli) hauthibitishi kwamba seli ya saratani inameng'enya tishu inayoizunguka. Nalitanguliza kwa kuwa matokeo mengi yamekuwa yakisomwa kinyume.

Metaloproteinasi, yaani MMP, ni vimeng'enya vinavyokata protini za tishu, na seli huvitoa vikiwa bado vimezimwa. Sisteini (asidi amino) iliyo kwenye kipande cha mbele hushika zinki ya kimeng'enya, na kazi haianzi mpaka kishiko hicho kiachie. Kwa MMP-2, ufunguo uko juu ya utando wa seli. Hapo MT1-MMP, MMP iliyopachikwa kwenye utando, hushikwa na TIMP-2, protini inayozuia MMP, na TIMP-2 hiyohiyo hunasa pro-MMP-2 (MMP-2 ambayo bado imezimwa) kwa ncha yake ya pili. Kisha MT1-MMP jirani, iliyo huru, huikata. Ndiyo maana TIMP-2 kidogo huwasha na nyingi huzima: ikizidi, hakuna MT1-MMP huru ya kukata. Anayepima TIMP-2 peke yake na kuandika kwamba uvamizi wa saratani kwenye tishu umepungua amekosea, hata kama vipimo vyake ni safi. Tena seli ya saratani si lazima itengeneze vimeng'enya yenyewe. Kupitia CD147, protini iliyo juu ya utando wake, huchochea fibroblasti (seli za tishu unganishi) za jirani zivitoe.

Kuhusu zaimografia, tumekubaliana hivi. Seli zikae saa 24 bila seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda), kwa sababu seramu ya ndama ina MMP zake. Sampuli isichemshwe wala isitiwe merkaptoethanoli, kemikali inayovunja viungo vya salfa vya protini. Jeli iwe ya asilimia 10, yenye jelatini mg 1 kwa ml. Baada ya umeme, ioshwe kwa sabuni ya Triton X-100 asilimia 2.5, dakika 30 mara mbili, ili kuondoa SDS, sabuni ya jeli inayokunjua protini. SDS ikibaki, kimeng'enya hakijikunji upya na kanda hufifia. Ilazwe saa 16 hadi 18 kwa nyuzi 37 katika bafa ya Tris pH 7.5 yenye kalisi mM 5 hadi 10, kisha ipakwe rangi ya Coomassie, inayotia protini buluu na kuacha nyeupe mahali jelatini ilipoliwa. Ukipitiliza muda, kanda huungana na hazipimiki tena. Jeli ya pili ilazwe na EDTA, kemikali inayonyang'anya kimeng'enya zinki na kalisi: ukanda usipotoweka, hiyo si MMP.

Kumbukeni kwamba SDS hufungua hata pro-MMP-2 ya kDa 72 (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini) na kuitenganisha na TIMP, kwa hiyo nayo humeng'enya jelatini. Uwiano wa kDa 62 (MMP-2 iliyokwisha kukatwa) kwa 72 unaonyesha kiasi kilichokatwa, si kazi iliyobaki baada ya kizuizi.

Kwa damu, tumieni plazma ya sitreti, yaani majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda kwa sitreti. Katika seramu, neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) humwaga MMP-9 wakati damu inaganda, na namba hupanda bila uvimbe kuhusika.

Marimastat, dawa ya kuzuia MMP, ilishindwa katika majaribio ya wagonjwa wa saratani na kuwaletea maumivu ya viungo. Ilizima MMP nyingi kwa pamoja, wakati baadhi, kama MMP-8, zimeonekana kwa panya kuzuia saratani.

Kuanzia mwaka ujao, ripoti yoyote ya MMP-2 itakayoletwa chamani iambatane na vipimo vya MT1-MMP na TIMP-2 vya sampuli ileile.

Mwenyekiti