Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO: Kipandio cha Saba cha Hebroni

Yah: Maelezo ya Mji Mkongwe wa Hebroni (Al-Khalil)

Mheshimiwa,

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, mwalimu wa historia mstaafu. Kila sala, nikikaa kwenye tahiyatu, ninamtaja Nabii Ibrahim na aali zake. Kwa hiyo nikiandika juu ya kaburi lake, lililoko pangoni chini ya jengo la kale huko Hebroni, mji wa Palestina, siandiki habari za ugenini.

Mwaka 2017, Kamati ya Urithi wa Dunia ilikutana Kraków, Poland, ikauingiza mji mkongwe wa Hebroni katika orodha ya urithi wa dunia, na papo hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kura ilikuwa ya siri: 12 zilikubali, 3 zilikataa, 6 hazikuegemea upande wowote. Tanzania ilikuwa mjumbe wa kamati ile. Sina ugomvi na uamuzi wenyewe, mji unastahili. Neno langu ni juu ya maelezo mafupi yaliyowekwa pale ili dunia isome.

Maelezo hayo yanasifu mji uliojengwa kwa mawe ya chokaa katika zama za Wamamluki, watawala Waislamu wa Misri na Shamu, 1250 hadi 1517. Yanasema pia kwamba kaburi la Ibrahim lilikuwa mahali pa hija kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Yote mawili ni kweli. Lakini mgeni akiyasoma kwa pamoja atadhani kwamba chini ya Wamamluki watu wa dini zote tatu walikuwa wakipishana mlangoni. Mheshimiwa, ilikuwa kinyume chake. Aliyeufunga mlango ule kwa wasio Waislamu alikuwa Mmamluki: Sultani Baybars, mwaka 1266.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine. Katika karne ya 12, chini ya Wapiganaji wa Msalaba, yaani Wakristo wa Ulaya walioiteka nchi ile, mwanachuoni wa Kiyahudi Maimonides alikwenda Hebroni kuyazuru makaburi ya mababu zake. Benjamin wa Tudela, Myahudi msafiri wa karne hiyohiyo, aliandika kwamba Myahudi akimlipa mlinzi alifunguliwa akateremka chini. Salahuddin, sultani Mwislamu aliyewashinda Wapiganaji wa Msalaba, alipouchukua mji aliuletea mimbari ya mbao iliyochongwa mwaka 1091 kwa ajili ya mji wa pwani wa Askalani, na mimbari hiyo ingalipo. Mimi kama ningejaliwa kufika, ndiyo ningeitazama kwanza.

Baada ya amri ya Baybars, Myahudi aliruhusiwa kupanda ngazi ya nje, upande wa mashariki, mwanzo hadi kipandio cha 5, baadaye hadi cha 7. Hapo ndipo mwisho wake. Karibu na ngazi palikuwa na tundu ukutani, na watu walisokomeza humo karatasi za dua wakiamini zitawafikia wazee wao pangoni. Hebu fikiria, Mheshimiwa: mama ametoka mbali, ana mtoto mgonjwa nyumbani, ameandika dua yake kwenye kikaratasi, na anachoweza kugusa ni jiwe la nje. Wanaomwomba Mungu ndani wanamwomba huyohuyo anayemwomba yeye, na aliyelala mle ni babu yao wote. Baba akimleta mwanawe, alimfundisha kuhesabu vipandio. Hivyo kizazi kwa kizazi, miaka 700.

Marufuku iliwagusa Wakristo pia. Mwaka 1862 mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza aliingia kwa kibali maalumu, na ilikuwa habari kubwa Ulaya. Waingereza wenyewe walipokuja kuitawala Palestina, kipandio cha 7 kilibaki palepale. Agosti 1929, katika fujo zilizotokana na ugomvi wa sala kwenye Ukuta wa Magharibi kule Yerusalemu, Wayahudi 67 wa Hebroni waliuawa. Wengine wengi walinusurika kwa sababu majirani zao Waarabu waliwaficha majumbani. Toka 1948 hadi 1967, chini ya Jordan, hata kwenye ngazi hawakufika.

Israeli ilipouteka mji mwaka 1967 mlango ulifunguliwa kwa Wayahudi, na ngazi ile ya kale ikaja kubomolewa. Lakini kufunguliwa huko kulikuja na jeshi, na kilio kikahamia upande wa pili. Tarehe 25 Februari 1994, sala ya alfajiri, mwezi wa Ramadhani, mlowezi wa Kiyahudi Baruch Goldstein aliwamiminia risasi Waislamu ndani ya msikiti uliomo katika jengo hilo, akaua watu 29. Jengo likafungwa kwa miezi, kisha likagawanywa. Leo ukumbi wa Isihaka ni wa Waislamu, upande wa Yakubu ni wa Wayahudi, na kila upande hupewa jengo zima siku 10 tu kwa mwaka. Mwislamu wa Al-Khalil anayekwenda kusali Ijumaa hupita kwanza kwenye vizuizi vya askari.

Wapo ndugu zangu watakaoniambia kwamba kuitaja amri ya Baybars leo ni kuwapa hoja wanaowabana Wapalestina. Nimelifikiri hilo sana. Lakini ninayelia kwa sababu ya mlango kufungwa leo siwezi kuficha kwamba uliwahi kufungwa na watu wa dini yangu. Nikificha, kilio changu cha 1994 nani atakiamini?

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, maelezo yale yaongezwe: amri ya 1266 na ngazi ya vipandio 7, pamoja na mauaji ya 1994 na mgawanyo uliofuata. Mistari michache inatosha. Pili, Wapalestina walioupeleka mji katika orodha, na Waisraeli waliojitoa katika shirika lako mwishoni mwa 2018, wote waombwe picha na maandishi waliyo nayo ya ngazi ile, yahifadhiwe pamoja. Ngazi haipo tena. Ikikosekana na kwenye karatasi, haipo popote.

Wako kwa heshima,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga.