Kwa vijana mnaoomba mtaji

Wanangu,

Nimezisoma karatasi zenu zote saba. Naweka fedha kwenye biashara za vijana kwa miaka mingi sasa, na karatasi za siku hizi hazikosi ukurasa wa "kurudisha kwa jamii". Mmeandika visima, madawati, taulo za kike. Sikuona hata mahali pamoja mlipoandika ni kiasi gani watalipwa mafundi na wauzaji wenu, wala tarehe ya kuwalipa.

Nawaandikia wazi kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mwaka mmoja nilipeleka madawati shuleni; ngoma zikachezwa, picha zikapigwa. Wakati huo mafundi wa karakana yangu walikuwa wananidai mishahara ya miezi miwili. Mmoja wao alikuwa na mtoto shule ileile. Alikuja na shati lake la kazi, akanipa mkono, hakusema neno. Mkono ule sijausahau. Madawati yale niliyanunua kwa fedha yake.

Kwa hiyo nikitaka kuona daftari la mishahara kabla ya kisima, msinione bahili. Mtu alipwe jasho lake halijakauka.

Sewa Haji, mfanyabiashara wa zamani aliyesifika kwa kutoa, mnamjua, hata kama hamjui kwamba mnamjua. Mkienda hospitali ya Muhimbili kumtazama mgonjwa mnaambiwa, "Yupo Sewahaji," yaani kwenye wodi zenye jina lake. Ndiye huyo. Alizaliwa Unguja mwaka 1851, biashara yake ikakomaa Bagamoyo: kuifungia misafara mizigo ya kwenda bara, vitambaa, shanga, nyaya, na kuitafutia wapagazi. Alitoa mali yake kwanza, kisha akangoja miezi mpaka pembe za ndovu zirudi pwani. Huo ndio uwekezaji, wanangu, kungoja na roho mkononi. Baadaye aliitoa nyumba ya ghorofa Bagamoyo iwe shule ya watoto wa kila asili, akatoa na fedha za hospitali Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1897, mwaka uleule aliofariki.

Lakini sitamsifu nusunusu. Misafara ile ilibeba pia bunduki na baruti, na wapagazi walioishia njiani hawana wodi yenye majina yao. Hospitali ile imeponya watu wengi mno. Deni la wapagazi nalo halijafutika. Nayaamini yote mawili.

Wazee wetu wa pwani walijua kutoa bila kufilisika. Nyumba ya wakfu, iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi. Kodi yake ndiyo inayotunza msikiti, madrasa au kisima. Mtaji umekaa, pato linatembea. Kijana anayekata mtaji anunue mchele wa kugawa Ramadhani, mfungo mosi, mwezi unaofuata, namwona mlangoni kwangu anakopa. Na hata asiye Mwislamu kati yenu ajifunze hesabu ya zaka ya biashara: pima bidhaa zilizopo, fedha ulizo nazo na unazotarajia kulipwa, ondoa unazodaiwa, ikitimia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinacholazimu zaka, na mwaka ukapita, toa asilimia 2.5. Hesabu hiyo haikuachi ujidanganye kuhusu ulicho nacho.

Zileteni tena karatasi Jumatatu, asubuhi, kabla duka halijachangamka. Ukurasa wa kwanza uwe na majina ya mnaowalipa, kiasi na tarehe. Visima tutavisoma mwisho, nami nitakaa nanyi mpaka tumalize.

Mzee wenu, Kariakoo