Mgonjwa aelezwe asili ya doa lililoonekana kwenye ini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasilishe kilio ambacho naamini si cha jamaa yangu peke yake. Mwezi wa Machi dada yangu mkubwa, mkulima wa miwa karibu na Mumias, alipigwa picha ya ultrasaundi katika kliniki moja ya kibinafsi kwa sababu ya maumivu ya tumbo baada ya kula. Alitoka na karatasi iliyosema kwamba kulikuwa na doa jeupe la mviringo upande wa kushoto wa ini, na kwamba huenda likawa uvimbe. Hakuna aliyemweleza zaidi ya hayo. Kwa wiki tatu hakulala vizuri, akauza ndama, na akawaita wanawe nyumbani kuzungumzia habari ya shamba.

Nilimsindikiza Kisumu kwa uchunguzi wa pili. Mpimaji, mama wa makamo, alilitafuta doa lile mpaka likatokea kwenye kioo, jeupe na mviringo kama karatasi ilivyosema. Kisha, bila kukiondoa kifaa tumboni, alikizungusha taratibu kwa robo duara, na mbele ya macho yetu doa likarefuka likawa utepe mweupe ulioteremka kuelekea kitovuni. Akamwambia dada yangu kwamba huo ni mshipa aliolishwa nao kabla hajazaliwa.

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na bado sikuwa nimefikiri kwamba somo la Kidato cha Tatu lingeweza kumtia mtu hofu ya kifo. Mtoto akiwa tumboni, damu yenye oksijeni hutoka kwenye kondo la nyuma, hupitia vena ya kitovu, yaani mshipa huo aliouonyesha mpimaji, na kuingia kwenye ini, ambako sehemu yake hufuata njia ya mkato hadi vena kubwa iendayo moyoni. Akishazaliwa na kukatwa kitovu, vena hiyo hunywea, hukauka na kugeuka kano lililozungukwa na mafuta. Kano na mafuta hayo hurudisha mawimbi ya sauti kwa nguvu, ndiyo maana huonekana meupe; likitazamwa kwa kukatwa kimapana huwa duara, likitazamwa kwa urefu huwa utepe. Kwetu huku mtu huulizwa kitovu chake kilizikwa wapi, lakini wachache tunajua kwamba kipande chake kingine hakikuzikwa kamwe, tunatembea nacho.

Si hilo tu. Wapo watu, hasa wanawake, ambao upande wa kulia wa ini lao umerefuka kuteremka kama ulimi, umbo alilolieleza daktari Mjerumani Riedel mwaka 1888, na likipapaswa kwa mkono hudhaniwa kuwa uvimbe. Wapo wenye vifuko vya maji vilivyotokana na vijifereji vya nyongo ambavyo havikuungana na vingine wakati ini lilipokuwa likiumbika. Na katika ini lenye mafuta mengi, eneo lililo kando ya kibofu cha nyongo mara nyingi hubaki bila mafuta, kwa kuwa hupokea damu ya vena nyingine ndogo, likaonekana jeusi kana kwamba kuna kitu kimeota pale.

Sisemi madoa yapuuzwe. Saratani ya ini ipo, na mwenye homa ya ini aina ya B au ini lililosinyaa kwa makovu anapaswa kufuatiliwa kwa makini doa lolote linapoonekana. Ninachowaomba wapimaji na wakuu wa afya katika kaunti zetu ni kwamba kifaa kizungushwe kabla neno "uvimbe" halijaandikwa, na kwamba mgonjwa, kabla hajashuka kitandani na kujifuta ile jeli, aambiwe kwa lugha anayoielewa kilichoonekana ni nini, kimetoka wapi, na kama anahitaji kurudi.

Mwalimu wa Baiolojia,
Kakamega