Kuhusu vijana wa Xitaxi

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu kutoka Mtwara, sote tu wazima.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nachukia watu wanaposema vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ni vya "huko kwao". Kwanza, Oktoba 2020 waasi hao hao wa huko, tunaowaita mashababi, walivuka mto Ruvuma wakaivamia Kitaya, mkoani kwetu hapa. Lakini kinachoniuma hasa ni Xitaxi.

Aprili 7, 2020 waliingia kijiji hicho cha wilaya ya Muidumbe wakitaka vijana wajiunge nao. Vijana wakagoma. Wakauawa, polisi wa Msumbiji walitaja watu 52. Hawakuwa na bunduki wala mtu wa kuwalinda, na walishasikia wenzao wa vijiji vingine walivyochinjwa. Wakakataa hivyo hivyo. Ndiyo maana sipendi wakitajwa kama watu waliokutwa na ajali tu.

Jirani yetu siku hizi ni bibi mmoja wa Kimakonde aliyekimbia kutoka upande huo. Nilimpelekea jogoo, akamrudisha siku ile ile, miguu bado imefungwa kwa ukili. Nikadhani nimemkosea. Kumbe kwao walikuwa wakilala porini, mchana wanarudi kupalilia muhogo, na walianza kwa kuchinja majogoo wote wa kijiji, maana jogoo akiwika alfajiri, mashababi wanajua mlipo. Mtoto mwenye kikohozi alizibwa mdomo kwa kanga. Alinisimulia huku anachambua mboga, hakuinua kichwa.

Mwanawe hakukimbia. Yuko na wazee waliopigana na Wareno katika vita ya ukombozi iliyoanza 1964. Wameshika tena silaha kulinda vijiji vyao, wanaitwa Força Local. Nawaheshimu mno, Hamisi, lakini roho hainitulii. Jeshi hupita, likaondoka. Wanaokuja usiku hukuta familia zao pale pale, na kijiji kilichojaribu kujilinda ndicho kinacholipiziwa kisasi. Anayewahimiza wanakijiji wasimame imara, kisha akapanda gari lake akaenda zake, amewaachia nini?

Jana bibi ameniomba nauli. Mwanawe amempigia, eti sasa ni shwari, muhogo umekomaa. Nimemwomba asubiri hadi Ijumaa. Leo ni Jumatano, na bado sina la kumwambia. Ungekuwa wewe ungempa?

Niandikie upesi.

Nduguyo,
Saidi