Simu ipo, mwalimu wa nini?

Wete, Pemba

Somo yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila mvua imetufungia ndani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona jibu lake haliingii katika dakika moja ya kuongea, ndiyo maana nimeshika kalamu. Unasema mtoto wa kidato cha pili amekwambia mbele ya wenzake kwamba somo lako kesha kuliona kwenye simu, na yule wa kwenye simu anafundisha vizuri zaidi. Umelisimulia kwa kicheko, lakini kicheko chako mimi nakijua.

Tusibabaishane: huenda mtoto amesema kweli. Kwa kuipanga mada na kuieleza, wapo wanaotushinda. Khan Academy, ile skuli ya bure ya mtandaoni, ipo tangu 2008, na video zake unazisimamisha, unazirudisha nyuma, unazisikiliza usiku wa manane. Mimi kipindi cha mwisho, jua la saa sita limetoboa bati, sauti imeshakauka. Ikiwa kazi yetu ni kujaza ubao ili watoto wanakili, basi kazi hiyo imeshapata mwenyewe, na wallahi siililii.

Lakini hebu sikiliza yaliyotokea darasani kwangu juzi. Ninaye msichana mmoja hodari, kaka yake ana simu nzuri, na mada ya umeme aliimaliza nyumbani kabla sijaifika. Hesabu za kanuni ya Ohm, ile ya volti na mkondo wa umeme, zote anapata. Nikachukua globu mbili za tochi zinazofanana, betri na vipande vya waya, nikaziunga kwa mfuatano. Kabla ya kuwasha nikamuuliza, ipi itawaka zaidi? Akajibu papo hapo: "Ya kwanza, mwalimu. Ikishakula umeme wake, ya pili inapata uliobaki."

Somo yangu, hesabu zote sahihi, na kichwani umeme unaliwa njiani! Sikumsahihisha. Nikamwambia afunge swichi mwenyewe. Zikawaka sawasawa. Akazibadilisha nafasi, akageuza betri, wapi! Akanuna kidogo, kisha akauliza: "Sasa kama mkondo haupungui, betri inakwisha kwa nini?" Nikamrudishia swali hilo darasa zima, tukazozana mpaka kengele ikalia, na mtoto wa nyuma ambaye haongei akawa wa kwanza kusema kwamba kinacholiwa ni nishati, mkondo wenyewe unazunguka tu.

Ile video ilikuwa haina kosa hata moja. Ila haikuwa na njia ya kumsikia anavyofikiri. Ndiyo kazi ninayoiona inatubakia, na ni nzito kuliko ile ya chaki: kuvua kosa lililojificha nyuma ya jibu sahihi.

Iko na kazi nyengine, ambayo wenzetu wengi hawajaishtukia. Vingi vya mtandaoni ni bure kwa kutazama tu. Kuvibadilisha huna ruhusa. Vyengine vimetolewa na wenyewe kwa leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya kuvitumia, na hapo soma masharti: karibu zote zinataka umtaje mwandishi, baadhi hazikubali biashara, chache hazikubali kubadilishwa. Yale majaribio ya fizikia ya kwenye kompyuta, ya PhET, yaliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman pale Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, unayapakua mara moja na yanachezeka bila intaneti, na kadhaa yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu wa Wete si lazima ale alichopikiwa.

Mimi nilipata karatasi ya kazi kuhusu usafirishaji wa umeme, imejaa milima ya theluji na minara ya chuma. Leseni inaruhusu, nikaifumua. Nikaweka waya wetu wa baharini: tangu 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kupitia chini ya bahari hii tunayoivuka kwa boti, kwa volti 33,000, na kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta. Swali: kwa nini wasilete volti 230 moja kwa moja, maana ndizo tunazotumia nyumbani? Watoto ambao baba zao wanavua bahari hiyohiyo hawakunyamaza. Mwisho wakaipata wenyewe: volti ikiwa ndogo, mkondo unakuwa mkubwa mno, na waya unaishia kuipasha moto bahari.

Ninachokiogopa ni kingine kabisa. Wakubwa wakiona vishkwambi vimefika skuli, watahesabu kuwa mwalimu kapunguziwa kazi. Kuchagua, kukagua na kubadilisha kunanila usiku mzima, na hakumo kwenye ratiba. Halafu bando. Machi 2020 skuli zilipofungwa kwa ajili ya korona tuliona nani aliendelea kusoma na nani alikwenda shamba. Ndiyo maana naipenda programu ya Kolibri: kompyuta moja inabeba masomo, simu na kompyuta nyingine zinayavuta hapohapo darasani, intaneti haihitajiki. Unavikumbuka na vile vipindi vya redio, Tucheze Tujifunze? Redio ilikuwa inauliza, inanyamaza kusubiri watoto wajibu, na bado alihitajika mtu mzima wa kuona nani hajafungua mdomo.

Yule mtoto wako usimfukuze wala usishindane naye. Mpe kazi: aje na video aliyoiona, aisimamishe katikati, awaulize wenzake kitafuata nini na kwa nini. Utaona mwenyewe anapokwama.

Nakupelekea flashi kwa shemeji, anavuka Alhamisi. Ndani yake mna karatasi ya waya wa Tanga na majaribio ya mizunguko ya umeme. Ya joto sijaiandaa, na wewe ndiye bingwa wa mada hiyo, basi itengeneze kwa mifano ya huko Unguja, uandike jina lako juu, unirudishie kabla ya mitihani ya muhula.

Nisalimie mama na watoto.

Somo yako